Somo: Kuunda seva ya kuchezea bao la Kiswahili kwa zamu

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wapenzi wake hawaketi tena wote kwenye baraza moja, maana mmoja yuko Zanzibar na mwenzake yuko Maskati. Mchezo wa zamu huvumilia umbali huo, kwani mtu anaweza kucheza asubuhi na mwenzake akajibu usiku. Hata hivyo, uvumilivu huo unadai kwamba seva peke yake iwe mwamuzi na karani, na simu ya mchezaji iwe dirisha la kutazamia bao, si zaidi.

Hatua ya 1: Andika sheria kabla ya kugusa mtandao

Anza na sehemu ya programu inayopokea hali ya bao pamoja na hatua ya mchezaji, kisha inarudisha hali mpya au inakataa. Hali hiyo ni idadi ya kete katika kila shimo, kete zilizobaki mkononi mwa kila mmoja, zamu ni ya nani, na kama nyumba ya kila upande, yaani shimo lake maalumu, bado iko hai, maana yake haijavunjwa. Ninakushauri uanze na bao la kujifunza, ambalo kete zote zimeshawekwa mashimoni mbili mbili, ili upime usambazaji wa kete na ulaji wa kete za mpinzani kabla ya kuingia kwenye kunamua, yaani awamu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi ubaoni, ambako kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba hatua ni namba ya shimo pekee. Mchezaji anapokula mara ya kwanza katika zamu, katika mashimo ya katikati, huchagua kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, cha kuanzia kusambaza, cha kushoto au cha kulia, na kete zilizoliwa kwenye kichwa au kimbi, shimo lililo jirani nacho, hazimwachii uchaguzi huo. Zaidi ya hapo, wakati wa kunamua, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yake iliyo hai, anaruhusiwa kusimama au kuendelea kwa kuivunja. Nilipochunguza jambo hili niliona kwamba uamuzi huo hautokei mara mbili katika zamu moja, kwa sababu akisimama zamu imekwisha, na akiendelea nyumba haipo tena. Kwa hiyo hatua nzima inabebwa na vitu vitatu, yaani shimo, upande, na neno moja la kusema iwapo nyumba itavunjwa, na huna haja ya kuisimamisha seva katikati ya zamu ili kumuuliza mchezaji.

Weka ulinzi wa aina mbili. Kwanza, kila baada ya hatua jumlisha kete zote, za mashimoni na za mkononi. Zisipotimia 64, kataa hatua hiyo na uandike kosa kwenye kumbukumbu. Pili, zipo hali za bao ambazo usambazaji wake haufiki mwisho, na programu isiyo na kikomo itazunguka daima. Ukitumia Node.js, yaani mazingira ya kuendeshea programu za JavaScript, msimbo wako hutekelezwa kwa uzi mmoja, kwa hiyo zamu moja ya namna hiyo itazigandisha mechi zote za seva. Weka kikomo cha idadi ya kete zinazosambazwa katika zamu moja, na utangaze katika kanuni zako kwamba hatua inayokivuka si halali.

Hatua ya 2: Daftari la mechi

Toleo langu la kwanza lilihifadhi mechi kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, na siku mashine ilipowashwa upya mechi zote zilizokuwa zikiendelea zilipotea. Wachezaji walikuwa wamezifikiria kwa siku nyingi, na niliumia sana kuwaeleza. Tumia hifadhidata tangu siku ya kwanza. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja, inatosha kwa kuanzia. Hifadhi kila hatua kwa mpangilio wake, si picha ya mwisho ya bao pekee, kwa sababu ukiwa na orodha ya hatua unaweza kulijenga bao upya, kuamua ugomvi, na kuwaonyesha wanafunzi mechi nzima. Lazimisha pia kwamba namba ya mechi na namba ya zamu kwa pamoja zisijirudie.

Hatua ya 3: Mashine na mlango wake

Kodi mashine ndogo mtandaoni; GB 1 ya kumbukumbu inatosha kwa mamia ya mechi za zamu. Sakinisha mfumo endeshi wa Debian, fungua akaunti isiyo ya msimamizi mkuu, ingia kwa ufunguo badala ya nywila, na uache wazi poti (milango ya mtandao) 22, 80 na 443 tu. Tanguliza Nginx, seva ya tovuti inayopokea maombi, mbele ya programu yako, chukua cheti cha usalama cha Let's Encrypt, na uhakikishe kwamba kinajihuisha chenyewe kabla hakijamaliza muda wake. Mwachie systemd, msimamizi wa huduma za mashine, kazi ya kuiwasha programu tena inapoanguka.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, mtandao ukikatika baada ya kubonyeza, mchezaji hubonyeza tena. Je, hatacheza mara mbili?

Jibu: Hatacheza mara mbili, ndugu yangu, ikiwa simu inatuma hatua pamoja na namba ya zamu. Ombi la pili litagongana na namba iliyokwisha kuandikwa, na seva itarudisha matokeo yaleyale ya mwanzo bila kulalamika.

Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo, Mwalimu. Naweza kutumia kompyuta ya nyumbani pamoja na modemu ya simu?

Jibu: Marahaba. Kwa majaribio, ndiyo. Kwa wachezaji wa nje ni vigumu, kwa sababu mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na ombi linalotoka nje halijui limfikie nani. Umeme nao ukikatika, mechi zinasimama.

Mwanachama wa Maskati: Mchezaji akipewa saa 48 za kujibu, tuhesabu kwa saa ya nani?

Jibu: Seva ihifadhi mwisho wa zamu kwa saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, pekee, kisha kila simu ionyeshe kwa saa ya mahali ilipo, kwani Maskati imeitangulia Zanzibar kwa saa 1. Andika pia sehemu ya siku, mathalani «saa 2 usiku», maana msomaji wa saa ya Kiswahili akiona «2:00» pekee hatajua ni saa ipi, na kwa kosa hilo mtu hupoteza mechi aliyokuwa akiishinda.