Kumfundisha mtoto ishara nyumbani, na kumjibu jirani anayetaja sokwe

Jirani mmoja hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinikuta nikimfundisha mpwa wangu kiziwi ishara, akasema, "Kwani hizo si hata sokwe hufundishwa?" Nilimeza mate, maana ni kweli waliwahi kufundishwa. Ila hakujua zilikoishia.

Anza na kitu kilicho mbele yenu. Sisi tulianza na chai. Kikombe mezani, mvuke unapanda, nikashika vidole vyake taratibu, nikavipanga viwe ishara, kisha nikampa anywe. Allen na Beatrix Gardner walimshika mikono hivyohivyo Washoe, sokwe wa kike, huko Nevada, Marekani, kuanzia 1966, naye akafikisha ishara kama 130. Ishara zenyewe jifunze kwa kiziwi mwenyewe. Yetu ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Video za Wamarekani zitawachanganya.

Na mtazamane. Nyusi nazo huzungumza. Ukiashiria huku unachungulia simu, umejiongelesha mwenyewe.

Sasa, biskuti. Nilimpa moja kila alipopatia, na kwa wiki tatu nikawa nafuga mwombaji. Ndipo nikamkumbuka Nim Chimpsky, sokwe aliyefundishwa New York na Herbert Terrace miaka ya 1970. Alijua ishara zaidi ya 100, lakini mfuatano wake mrefu kuliko yote, wa ishara 16, ulikuwa wa kudai chungwa tu: nipe, chungwa, mimi, nipe, kula, chungwa, na kuendelea. Terrace alipozikagua video aligundua kwamba mara nyingi Nim alimwiga mwalimu wake. Watu walimbishia Terrace, na mimi pia Washoe hunifanya nimtilie shaka kidogo, kwa sababu mwanawe wa kulea, Loulis, aliokota ishara kwa sokwe wenzake. Hata hivyo, biskuti nilizifungia kabatini.

Badala yake, ngoja ishara isiyoomba kitu. Ndege ikipita juu, mwonyeshe, itaje, basi. Usimpe chochote. Itachukua muda, na utachoka.

Jumapili moja tulikuwa City Park, kima akampokonya mtoto wa watu ndizi. Mpwa wangu alicheka tu. Jioni, shosho wake akichambua sukuma, akamvuta leso na kuashiria: KIMA. NDIZI. MTOTO LIA. Ndizi ilishaliwa zamani, na hakutaka apewe kitu. Shosho, asiyejua hata ishara kumi, akaniita mbio nimtafsirie.