Mishti doi: kugandisha mtindi mtamu wa Bengal kwenye chungu

Mishti doi ni mtindi mtamu wa rangi ya hudhurungi, mzito hadi unachoteka kwa kijiko bila kuchuruzika. Mji wa Bogura, kaskazini mwa Bangladesh, unasifika kwa doi yake, na mjini Kolkata, India, mtindi huu huuzwa kwenye vyungu vidogo. Chungu hicho si pambo. Udongo usiopakwa kitu hunyonya maji ya maziwa, ndiyo maana mtindi wake huwa mzito kuliko wa bakuli la kioo. Chungu kipya kiloweke, kisha kikauke kabisa, la sivyo mtindi utanuka udongo.

Andaa lita 1 ya maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa mafuta, sukari gramu 120 na vijiko 2 vikubwa vya mtindi mzito usio na sukari, uliochujwa kwa kitambaa saa 1.

Chemsha maziwa kwa moto mdogo, ukikoroga na kukwangua kingo za sufuria, hadi yabaki mililita 650 hivi. Ni kazi ya dakika 40, na ndiyo kazi yenyewe: maziwa yakibaki mepesi, hutapata uzito baadaye. Tia nusu ya sukari.

Nusu iliyobaki iyeyushe kwenye kikaango na kijiko 1 cha maji, bila kukoroga, mpaka iwe kama asali iliyokolea. Ikitoa moshi imeungua. Imwage, maana uchungu wake hautoki. Epua, umimine maziwa ya moto kidogo kidogo, ukijihadhari na mvuke. Maziwa baridi huigandisha mabonge. Yakitokea, yarudishe kwenye moto mdogo yayeyuke. Changanya na maziwa yote.

Subiri yapoe hadi nyuzi 40 au 42 za Selsiasi. Yakizidi 50 bakteria wa mtindi huanza kufa. Yakipoa mno hayagandi. Piga ule mtindi ulainike, ukoroge ndani, mimina vyunguni, funika na uvizungushie blanketi kwa saa 8 hadi 10. Sukari huwachelewesha bakteria, kwa hiyo usichungulie mapema: chungu kikitikiswa, mtindi hukatika na kutoa maji. Kisha friji, saa 4.

Majira ya baridi, Wabengali hupenda kutumia nolen gur, sukari guru ya utomvu wa mitende. Hiyo itie maziwa yakishakuwa vuguvugu, kwani ikikutana na maziwa yanayochemka huweza kuyakata.