Somo: Mtu mzima anayechagua chakula, namna ya kuzoea mboga na vyakula vya afya bila kujilazimisha

Habari zenu wakuu.

Somo hili ni la watu wazima. Nawalenga wale ambao wakifika kwenye shughuli wanachungulia masufuria kwanza ndipo waamue kama wana njaa. Wameambiwa "una madeko" tangu utotoni, daktari naye ameshawaambia waongeze mboga na matunda, wakaitikia "sawa dokta" na jioni wakarudi kwa muuza chipsi.

Mimi napika kwa kazi. Mteja aliyelipia sahani hana aibu, asichokipenda kinarudi jikoni. Nimeshuhudia mchicha wa fungu lilelile ukipikwa namna moja unarudi wote, ukipikwa namna nyingine watu wanaomba nyongeza. Ndiyo maana ule ushauri wa "jilazimishe tu, utazoea" siukubali. Ukimeza kitu huku umebana pua, unachozoea ni kukichukia. Badilisha mapishi kwanza, mdomo utafuata.

Hatua ya 1: Jua hasa kinachokukera

"Sipendi mboga za majani" bado si jibu. Unakereka na uchungu? Utelezi? Harufu? Ile hali ya meno kukwaruza baada ya kula spinachi? Au mboga kurojeka mpaka hujui unatafuna nini? Wengine tatizo lao ni kuchanganya tu: mchuzi ukigusa wali, wameshiba. Andika vyakula vitano unavyovikataa na kero ya kila kimoja. Mara nyingi utakuta vyote vinaangukia kwenye kero moja au mbili.

Na usikubali mtu akwambie uchungu unaousikia ni wa kujitakia. Kuna jeni inaitwa TAS2R38 inayochangia mtu kuusikia kwa ukali au kwa mbali uchungu wa viambata fulani vilivyomo kwenye ukoo wa kabichi, yaani sukuma wiki, figiri, chainizi na wenzao. Anayesema "mbona si chungu" anasema kweli kwa mdomo wake, na wewe unasema kweli kwa wako.

Hatua ya 2: Itibu kero jikoni

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Uchungu.* Silaha zake ni tatu: chumvi kidogo, mafuta na kitu chachu. Chumvi huzima uchungu ulimini, tena wakati mwingine kuliko sukari. Lakini angalia kiasi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo, na vile vidonge vya kuungia mchuzi navyo vimejaa chumvi. Mafuta maana yangu ni tui la nazi, karanga au maziwa. Bibi zetu walilijua hili bila darasa: upande wa Nyanza na Kisii kule Kenya mgagani huungwa kwa maziwa, na atakayekupikia mnafu vizuri kule Arusha hatakunyima maziwa pia. Kama mnafu bado unakushinda, uchemshe kidogo na umwage maji ya kwanza kabla ya kuunga. Ndiyo, utapoteza sehemu ya vitamini C. Bora hiyo kuliko mboga nzima kuishia kwenye ndoo ya taka.

Nyanya chungu nunua changa, ngumu, bado nyeupe au kijani. Zikianza kugeuka rangi ya machungwa, mwachie anayezipenda.

Mchicha wa kuanzia naupika hivi. Kaanga kitunguu, tia nyanya mpaka ipondeke kabisa, kisha tia mchicha uliokatwa bila kuongeza maji, maana una maji yake. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Koroga karanga zilizokaangwa na kusagwa laini kwenye maji ya uvuguvugu, mimina, acha itokote kidogo, epua. Kamulia ndimu mezani. Ladha imekaa, na lishe nayo imepata faida: mafuta ya karanga husaidia mwili kunyonya vitamini A ya mboga, na vitamini C ya ndimu husaidia kunyonya madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi, kwa sababu huzuia chuma hicho.

*Utelezi.* Mkosaji mkuu ni bamia. Osha zikiwa nzima, zifute zikauke, ndipo ukate, tena vipande vikubwa. Kikaango kiwe cha moto kweli, mafuta kidogo, usifunike, usitie maji. Ndimu mwishoni. Maji ndiyo huamsha utelezi, moto mkavu na uchachu huupunguza. Nina wateja walioapa hawali bamia ambao sasa huzitafuna hivi kama bisi.

*Harufu.* Kabichi inayonuka ni kabichi iliyokaa jikoni muda mrefu, maana kadiri unavyoipika ndivyo harufu yake ya kiberiti inavyozidi. Ikate nyembamba, igeuze kwenye moto mkali, itoke ikiwa bado inalia menoni. Dagaa wa Mwanza watoe vichwa na matumbo (uchungu mwingi umo humo), waoshe kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka mchanga uishe, wakaushe, kisha wakaange wawe wakavu kabla ya kuwaunga na nyanya na tangawizi. Ukiwatumbukiza wabichi kwenye mchuzi, nyumba nzima itajua.

*Kurojeka.* Kama unapenda vinavyolia menoni, acha kupigana na mboga za kuchemsha. Anza na tango, karoti mbichi, kachumbari. Osha kwa maji safi na salama, hasa kipindi cha mvua ambapo kipindupindu huwa hakiko mbali.

Tahadhari moja: mtindo huu wa kupika haraka haraka usiupeleke kwenye kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, lazima yatwangwe na yachemshwe sana bila kufunika sufuria.

Hatua ya 3: Anzia kwenye chakula unachokipenda tayari

Usiruke kutoka chipsi kavu kwenda bakuli la saladi. Kwenye chipsi mayai mwambie muuzaji aongeze hoho na kitunguu, kachumbari iwe nyingi. Wiki nyingine, nyumbani, parua karoti humo humo. Viazi ulaya vikizoeleka, kata viazi lishe (vile vya rangi ya machungwa) mtindo uleule wa chipsi. Baadaye vichemshe. Umbo ni lilelile, kinachobadilika ni kitu kimoja kwa wakati.

Ugali wa sembe unaufanyia hivyohivyo: vikombe vitatu vya sembe, kimoja cha dona, halafu unasogeza taratibu. Dona ina kiini na pumba ambavyo sembe imevipoteza mashineni. Wali hauna shida, karoti iliyoparuliwa na njegere huingia bila fujo. Chapati hupokea boga lililopondwa kwenye unga, na zinatoka laini kuliko za kawaida, jaribu uone.

Hatua ya 4: Onja kidogo, rudia

Tafiti kwa watoto zinaonesha chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla ya kukubalika. Mtu mzima naye asikate tamaa mara ya pili. Kipande kiwe kidogo kama ukucha, kando ya chakula ulichokizoea, ukiwa na njaa ya wastani. Ruhusu kutema kwenye tishu ukiwa nyumbani. Kujua kwamba unaweza kutema hukupa ujasiri wa kutafuna. Usionje kitu kipya ukiwa unaumwa au una kichefuchefu.

Hatua ya 5: Lengo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Viazi na muhogo havihesabiki humo. Igawe siku nzima: chungwa na kipande cha papai asubuhi, mboga mchana, mboga na tango jioni, ndizi mbivu katikati. Brokoli na kinowa za supamaketi hazihitajiki. Gengeni kwako kuna kila kitu, na bei unaijua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Mkuu asante kwa somo. Mimi nilisoma bweni, maharage miaka yote. Mara moja yalinitapisha usiku kucha. Leo nikisikia harufu yake tu tumbo linageuka. Nitayazoea kweli?

Jibu: Hiyo si kuchagua, ndugu yangu, mwili umeweka alama. Mwaka 1955 mtafiti John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yenye sakarini huku wakiwapiga mionzi inayowachafua tumbo, na panya wale wakayakataa maji matamu. Binadamu tuko hivyohivyo. Ushauri wangu, achana na maharage kabisa kwa sasa. Lishe yake utaipata kwenye kunde, choroko au dengu. Na wewe uko Tanga, unahangaikia maharage ya nini wakati mbaazi za nazi na maandazi ziko hapo mtaani?

Mama Twins: Shikamoo mpishi. Mume wangu ni nyama na ugali tu. Naruhusiwa kumsagia mboga kwenye mchuzi bila yeye kujua?

Jibu: Marahaba dada. Saga, lakini mwambie. Akija kugundua mwenyewe ataanza kuukagua kila mchuzi wako, na ule mmoja aliokuwa anaula kwa amani utaupoteza. Mwambie "nimetia karoti na hoho, onja chumvi." Kumwomba aonje chumvi kunamfanya awe mpishi mwenzako. Tena weka mboga kwenye bakuli lake pembeni usiseme kitu. Wanaume wengi hukataa mboga iliyopakuliwa na maneno.

Kijana wa Ilala: Si bora nisage mchicha, tango na embe kwenye blenda ninywe, yaishe?

Jibu: Kunywa, hakuna ubaya, mradi usichuje, maana ukichuja nyuzinyuzi nyingi zinaenda na makapi. Usitie sukari, embe linatosha. Ila elewa kwamba mdomo wako utakuwa umezoea embe, siyo mchicha. Kwa hiyo blenda iwe nyongeza, huku hatua ya 4 ikiendelea.

Mwanachama wa Nakuru: Sukuma yangu hutoka kama nyasi, ngumu na chungu. Shida ni nini?

Jibu: Majani makubwa yaliyokomaa, na kisu kivivu. Toa ule uti wa katikati, kunja majani pamoja, kata nyembamba kama nyuzi. Kaanga dakika chache na kitunguu kingi, chumvi mwishoni. Nyanya moja ikiiva humo inasaidia.

Binti wa Moro: Naenda kujitambulisha ukweni Dodoma mwezi ujao. Nimeambiwa mlenda lazima. Utelezi siwezi, nitatapika mbele ya mama mkwe!

Jibu: Pole mwanangu. Kwanza kaa nao jikoni, usisubiri mezani. Aliyesaidia kupika hachunguzwi sana anakula kiasi gani. Pili, pakua mwenyewe, kidogo. Tonge la ugali liwe kubwa na gumu, liguse mlenda upande mmoja tu, ulimi ukutane na ugali kwanza. Omba pilipili. Hata dagaa wakiwepo, wachanganye kwenye tonge hilohilo, ukavu wao unavunja utelezi. Na mwezi mzima unao: anza wiki hii na bamia za kukaanga, wiki ijayo zilizoungwa, usiende ukiwa hujawahi kuonja. Kama mume mtarajiwa ana akili, mwambie mapema akukalie karibu.

Asiyetaka jina: Nina miaka 27, nakula vitu vinne tu maisha yangu yote. Kingine chochote koo linafunga kabisa, nakabwa. Nimepungua sana, nywele zinakatika, nazimia zimia. Watu wanasema ni maringo.

Jibu: Kwako somo hili halitoshi, na si maringo. Kuna hali ya mtu kukwepa vyakula kiasi cha kudhoofu, bila kuwa na nia ya kupunguza mwili. Wataalamu wa afya ya akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 2013, kwa kifupi inaitwa ARFID. Ina matibabu. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kitengo cha lishe, waombe wapime damu kwanza kwa sababu kuzimia huko kunaweza kuwa ni upungufu wa damu. Waeleze pia hilo la koo kufunga, wapate kuangalia kama njia ya chakula ina shida yenyewe. Vitu vyako vinne endelea kuvila kwa sasa, usiache hata kimoja eti uanze upya. Viandike hapa ni vipi, au nitumie faragha kama hutaki wengine waone, nitakupa namna za kuviongezea nguvu wakati unasubiri kumwona daktari.

Mama Twins: Nimemwambia aonje chumvi. Kasema imezidi 😂

Jibu: Basi ameonja. Kesho punguza chumvi, ongeza karoti.