Jinsi ya kusoma takwimu za beki wa hoki ya barafuni

Safu ya magoli izibe kwanza kwa kidole. Ukifungua ukurasa wa takwimu za beki wa hoki ya barafuni, jicho hukimbilia huko, maana ndivyo tulivyozoea kumpima mchezaji, na hapo ndipo ubishi wa bure unapoanzia. Beki ana kazi mbili kubwa: kumzuia mpinzani asifike kwa kipa, na kukitoa kile kisahani cheusi nje ya eneo lao kwa pasi ambayo mshambuliaji ataipokea bila kupunguza mwendo. Hizo zote mbili hutaziona kwenye magoli. Mimi husoma ukurasa kuanzia upande wa kushoto, na magoli nayaacha mwisho kabisa.

Anza na majina ya timu, hasa ya miaka yake 18 hadi 25. Katika NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, timu huwachagua vijana kuanzia umri wa miaka 18 kwenye drafti yenye raundi 7. Namba aliyochaguliwa nayo isikutishe. Nicklas Lidström alichukuliwa wa 53 mwaka 1989, Zdeno Chara wa 56 mwaka 1996, Duncan Keith wa 54 mwaka 2002. Hao watatu wana tuzo 10 za Norris, ile anayopewa beki bora wa msimu: Lidström 7, Keith 2, Chara 1. Si kwamba maskauti ni vipofu. Beki wa miaka 18 bado hajajua kuusoma mchezo huku anateleza kinyumenyume, na kosa lake, tofauti na la mshambuliaji, halina mtu wa kulifuta nyuma yake isipokuwa kipa.

Kwa hiyo ukikuta misimu miwili ya AHL, ligi ya chini ambako timu za NHL hupeleka vijana wakomae, usigune. Keith alipitia huko miaka miwili mizima kabla ya kupanda. Mfano ninaoupenda zaidi ni Mark Giordano, kwa sababu mstari wake unaonekana kama wa mtu aliyeshindwa. Hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Akaingia Calgary, timu ya NHL, kwa mlango wa nyuma, akapanda na kushuka kati ya NHL na AHL, kisha msimu wa 2007-08 jina la timu linabadilika ghafla: Dynamo Moscow. Hakuelewana na Calgary kuhusu mkataba, akaenda zake Urusi. Ungefunga ukurasa hapo ungesema kwisha habari yake. Mwaka uliofuata akarudi Calgary, mwaka 2013 akawa nahodha, na mwaka 2019, akiwa na miaka 35, akachukua Norris.

Neno moja kuhusu misimu ya Ulaya: pointi zake, yaani magoli pamoja na pasi zilizozaa magoli, usizilinganishe moja kwa moja na za NHL. Uwanja wa NHL una upana wa karibu mita 26, wakati wa kimataifa kwa desturi ni mita 30. Hizo mita nne zinampa beki muda wa kufikiri ambao kwenye NHL hana.

Safu inayofuata ni idadi ya mechi. Kwa miaka mingi msimu wa kawaida wa NHL umekuwa na mechi 82. Beki anaziba mashuti kwa mwili na anagongwa ukutani akiwa ameugeuzia uwanja mgongo, hivyo namba ikishuka ghafla, fikiria jeraha kabla ya kufikiria kiwango. Soma mistari ya mwisho ya Bobby Orr. Msimu wa 1974-75 alicheza mechi 80 na kuongoza ligi nzima kwa pointi, jambo ambalo hakuna beki mwingine aliyewahi kulifanya. Inayofuata: mechi 10, mechi 20, msimu mzima hayupo, mechi 6. Basi. Ni magoti yale. Aliacha mwaka 1978 akiwa na miaka 30, na mechi zake zote ni 657. Upande wa pili yuko Chris Chelios, aliyecheza hadi miaka 48. Wote wawili ni magwiji, lakini ukipanga kwa jumla ya pointi au jumla ya mechi utakuwa unapima afya ya goti.

Sasa safu iliyo muhimu kuliko zote, na ambayo watu huiruka: dakika uwanjani. Mechi ni dakika 60, na timu kwa kawaida huchezesha mabeki 6 katika jozi tatu. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata dakika 20. Makocha hawagawi sawasawa. Anayepata 24 au 25 ndiye wanayemwamini. Anayepata 14 anatumika wakati wenzake wanapumua. Namba hii haina unafiki, kwa sababu kocha anayetaka kubaki kazini hampi mtu dakika kwa kumwonea huruma. Kama ukurasa unazichambua zaidi, tafuta dakika anazocheza timu yake ikiwa pungufu, mwenzao amefungiwa kwa adhabu. Beki asiye na goli hata moja lakini yupo uwanjani kila timu inapopungukiwa mtu ana kazi ya kudumu.

Halafu kuna ile safu ya kujumlisha na kutoa. Timu yako ikifunga ukiwa uwanjani unapata +1, ikifungwa unapata -1, na magoli ya timu iliyo na mtu zaidi kwa sababu ya adhabu hayahesabiwi. Inavutia, na inadanganya sana. Orr alipata +124 msimu wa 1970-71, rekodi ambayo haijavunjwa, ila timu yake ya Boston wakati huo ilikuwa inaifunga karibu kila timu. Erik Karlsson alimaliza msimu wa 2022-23 akiwa na -26, akiwa San Jose, moja ya timu dhaifu kabisa mwaka huo; alikuwa na pointi 101, na tuzo ya Norris akapewa yeye. Namba hii ilinganishe na ya wenzake wa timu moja tu. Timu nzima ikiwa na alama za kutoa, usimbebeshe mmoja.

Sasa ondoa kidole. Rod Langway alishinda Norris mwaka 1983 akiwa na magoli 3 msimu mzima. Karlsson alifunga 25. Tuzo ni ileile. Kwa maoni yangu siku hizi wapiga kura wanazipenda pointi kupita kiasi, na Langway wa leo angepata taabu kutajwa.

Ukimaliza ukurasa, tafuta mechi nzima, si vipande vya magoli. Mfuate yeye peke yake kwa zamu kadhaa. Zamu moja ni kama sekunde 45, haichoshi. Mtazame asipokuwa na kisahani. Mpinzani anapoukaribia mstari wa buluu, ule unaoanzisha eneo la ulinzi, beki mzuri ameshafupisha nafasi kati yao, gongo limelala barafuni kwenye njia ya pasi, na macho yako kifuani mwa mpinzani, kwa sababu mikono hudanganya lakini kifua huenda kule mwili unakokwenda. Aliyechoka au mwenye woga atarudi nyuma, nyuma, mpaka amzibe kipa wake mwenyewe asione. Chagua kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, timu yake ikiongoza kwa goli moja.