Biuti, Finadyne na wenzake: namna ya kumpa farasi dawa ya maumivu bila kumharibu tumbo na figo

Hii naiandikia masaisi wenzangu, mlio Nairobi na Gilgil na nyie mliovuka kwenda Muscat, Dubai au Doha kutunza farasi wa watu, na pia wewe uliye na farasi wako mmoja nyumbani na daktari wa mifugo anakaa mbali. Mabanda yote niliyofanya kazi yana kabati yenye pakiti za biuti na chupa ya Finadyne, na mara nyingi anayeishika hiyo dawa si daktari, ni sisi. Bosi anapiga simu, "mpe biuti pakiti mbili", bas, unampa. Sasa nataka ujue unachompa.

Biuti ni fenilibutazoni, ile ya unga kwenye pakiti za gramu 1 kama Equipalazone, au ya kubana kwenye bomba. Ndugu zake ni flunikisini (ndo Finadyne na Banamine), meloksikamu kama Metacam, firokoksibu ambayo ni Equioxx, na ketoprofeni. Majina mengi lakini kazi moja. Mwili wa farasi ukiumia unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, hivyo ndo vinaleta uvimbe, joto na maumivu, na dawa hizi zinazuia visitengenezwe. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo na utumbo na ndo zinafanya damu ipite vizuri kwenye figo. Kwa hiyo kila unapompunguzia maumivu ya mguu unampunguzia na ulinzi wa tumbo, kidogo kidogo, na dozi ikiwa sawa na siku zikiwa chache mwili unahimili vizuri tu, lakini ikizidi hapo ndo balaa. Firokoksibu inalihurumia tumbo zaidi kuliko biuti, ila nayo ikizidishwa inaumiza.

Nilikuwa banda moja, sitalitaja, kulikuwa na farasi jike mzuri sana aliyeumia kano ya mguu wa mbele. Daktari akaandika biuti asubuhi na jioni. Saisi wa mchana akawa anampa asubuhi, anampa tena saa kumi na moja kabla hajaenda nyumbani. Saisi wa usiku naye alikuwa ameambiwa "jioni umpe", anampa saa mbili. Hakuna aliyekosea kwa akili yake, kila mtu anafuata alichoambiwa, na mimi nilikuwepo na sikuuliza. Siku ya sita akaanza kuacha chakula, mavi yakawa laini kama ya ng'ombe, halafu tukaona uvimbe chini ya tumbo, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari alivyopima damu akakuta protini imeshuka sana, inavujia kwenye utumbo mpana ambao umejaa vidonda. Huo ugonjwa unapenda sana sehemu moja ya utumbo mpana upande wa kulia, na biuti ndo inayojulikana zaidi kuuleta. Dawa zikasimamishwa, akalishwa peleti, yaani chakula kilichosagwa na kubanwa vipande vidogo, badala ya nyasi ndefu ili utumbo upumzike, wiki nyingi. Alipona, lakini nilimwona alivyokonda na bado inaniuma.

Kwa hiyo tuanze na uzito, maana watu wengi wanakisia. Pakiti moja kwa kila farasi, mkubwa kwa mdogo, hapana, usifanye hivyo. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya kiwiko na miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, zote kwa sentimita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,900, unapata kilo. Mfano mzunguko 175 na urefu 160, inakuja kama kilo 412. Haitakuwa sahihi kama mizani ila ni bora mara mia kuliko macho.

Dozi ya kawaida ya biuti ambayo madaktari wanatumia ni miligramu 4.4 kwa kila kilo mara mbili siku ya kwanza, halafu inashuka 2.2 mara mbili kwa siku, halafu wanapunguza tena haraka iwezekanavyo. Kwa yule wa kilo 412 ni gramu 1.8 kila mara siku ya kwanza, baadaye gramu 0.9. Sasa chukua poni wa kilo 200, hiyo 2.2 ni miligramu 440, haifiki hata nusu pakiti, na ukimpa pakiti nzima asubuhi na jioni umempa zaidi ya mara mbili ya anachohitaji, na poni wanajulikana kudhurika na biuti upesi. Watoto wa farasi usiwaguse kabisa bila daktari, miili yao inachelewa kuitoa hiyo dawa. Flunikisini ni miligramu 1.1 kwa kilo mara moja kwa siku, chupa ya miligramu 50 kwa mililita ina maana yule wa 412 anapata mililita 9, na isizidi siku 5. Meloksikamu ni miligramu 0.6 kwa kilo mara moja kwa siku. Nimeziandika ili ukiambiwa namba kwenye simu ujue kama inaeleweka au mtu kateleza, sio ili ujiandikie mwenyewe dawa, daktari akikwambia tofauti ana sababu zake, muulize.

Kabla ya kufungua pakiti, weka kipimajoto. Nalisema hili kwa masaisi wote ninaowafundisha na bado wanaliruka. Farasi aliyetulia ana nyuzi 37.5 mpaka 38.5, mapigo ya moyo 28 mpaka 44 kwa dakika, pumzi 8 mpaka 16. Kwetu huku tuna homa ya kupe na tuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na visubi, na vyote hivyo vinaanza na farasi amenuna, hataki kula, amesimama kichwa chini. Ukimpa Finadyne joto linashuka, anachangamka, anakula, wewe unafurahi unasema alikuwa na uchovu tu, kumbe homa iko pale pale na siku mbili za matibabu zimepotea. Kwa hiyo pima, andika, angalia ufizi kama umepauka au una unjano, ndo umpigie daktari. Dawa baadaye.

Tumbo likimuuma, yaani koliki, ni hivyo hivyo. Piga simu kwanza, umwambie mapigo ya moyo, ufizi, mavi ya mwisho ametoa saa ngapi, unasikia tumbo linanguruma au kimya. Daktari akisema mpe flunikisini kwa sababu yuko mbali, mpe dozi moja na uandike saa. Baada ya saa moja au mbili kama bado anajigaragaza au mapigo yamevuka 60, USIONGEZE nyingine. Maumivu yanayoshinda dawa yanakwambia utumbo unaweza kuwa umejikunja na anahitaji kupasuliwa au uamuzi mwingine mgumu, na ukizidi kumnyamazisha unamfikisha kwa daktari akiwa amechelewa.

Sasa kuhusu njia ya kuingiza. Biuti ya sindano inaingia kwenye mshipa tu, ikivuja nje ya mshipa au ukaichoma kwenye nyama, nyama inaoza na ngozi inamomonyoka. Flunikisini watu wanaichoma shingoni kwenye misuli kwa sababu ni rahisi, na lebo nyingine zinaruhusu, lakini inaumiza msuli na kuna vijidudu vya aina ya klostridia vinavyoweza kuamka humo, shingo inavimba, ukiishika inachakarika kama kuna hewa ndani, na farasi anaweza kufa kwa siku chache. Mimi nimeacha kabisa. Na mshipa wa shingo nao si wa kujaribia, jirani yake kuna ateri, ukiipiga hiyo dawa inakwenda moja kwa moja kwenye ubongo na farasi anaanguka hapo hapo, anaweza kukuangukia. Kama hujafundishwa na daktari kwa mkono wake, mpe ya mdomoni. Flunikisini ya kubana ipo, meloksikamu ya maji ipo, unga wa biuti unachanganya na pumba na molasesi kidogo, ni chungu kwa hiyo hakikisha amemaliza bakuli. Ile ya bomba angalia pete ya kwenye kishikio, uizungushe mpaka ikaze kwenye kilo zake, maana pete ikilegea unasukuma bomba zima mdomoni kwa mara moja.

Vaa glavu. Biuti ilikuwa dawa ya binadamu pia, kuanzia 1949, kwa ajili ya viungo na jongo, ikaja kuachwa kwa sababu kuna watu uboho wao uliacha kutengeneza damu. Ni wachache lakini hakuna anayejua ni nani, na sisi tunaishika kila siku, tunapangusa mikono kwenye suruali halafu tunakula chapati.

Usichanganye mbili. Biuti asubuhi na Finadyne jioni eti zisaidiane, hazisaidiani kiasi hicho, zinajumlisha madhara, na hii ndo tabia naiona zaidi kwenye mabanda ya mashindano. Vilevile mwambie daktari kama farasi yuko kwenye dawa za steroidi kama deksamethasoni, au antibiotiki ya jentamisini, hiyo jentamisini inapiga figo na biuti inapiga figo. Omeprazoli, ile dawa ya vidonda vya tumbo, nayo inalinda tumbo la mbele tu, utumbo mpana hauugusi, kwa hiyo isikupe moyo wa kuongeza dozi.

Maji! Ndugu zangu wa Ghuba hapa nawasihi. Farasi aliyetoka kukimbia mbio ndefu kwenye joto, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, mkojo umekolea, huyo figo zake zinategemea hizo prostaglandini kuliko siku yoyote. Ukimpa biuti hapo kwa sababu anatembea akiwa amekakamaa miguu unaweza kumuua figo. Kwanza anywe, apewe chumvi zake, apoe, daktari amwone. Maji yawepo muda wote anapokuwa kwenye dawa, na nyasi mbele yake asikae tumbo tupu.

Na akiacha kuchechemea kwa sababu ya dawa usimkimbize. Kano bado imechanika, yeye tu haisikii.

Kwenye mashindano mjue vipimo. Mwaka 1968 farasi Dancer's Image alishinda Kentucky Derby kule Marekani akanyang'anywa kwa sababu ya fenilibutazoni kwenye mkojo. Siku hizi FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, wanaweka muda wa kuigundua biuti kuwa saa 168, yaani siku 7, na hapo daktari anaongeza siku za tahadhari juu yake. Na farasi aliyewahi kupewa biuti nyama yake isiliwe na mtu. Akifa mzike chini sana au mchome, usimwache porini, kwa sababu kule India na Pakistan diklofenaki, dawa nyingine ya jamii hii hii, kwenye mizoga ya mifugo ilimaliza karibu tai wote, India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, na flunikisini na ketoprofeni nazo zinaua tai. Meloksikamu ndo imeonekana salama kwao. Tai wetu wanapungua tayari.

Mwenye punda, Lamu au popote, usitumie namba za farasi nilizoandika. Punda anaitoa biuti na flunikisini mwilini haraka zaidi, meloksikamu haikai kabisa, na bado punda anaficha maumivu kiasi kwamba unaweza kudhani imemsaidia. Daktari akupangie.

Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa za watu muache kabisa.

Ukiona hamalizi chakula, anasaga meno, mavi laini, uvimbe chini ya tumbo au miguuni, vidonda kwenye ulimi, koliki ndogo ndogo za kuja na kuondoka, simamisha dozi inayofuata na umpigie daktari siku hiyo hiyo, usisubiri apangiwe miadi.

Pale banda lile baada ya yule jike tulitundika ubao mweusi mlangoni mwa kila farasi mgonjwa. Jina, kilo, dawa gani, gramu ngapi, saa ngapi, joto kabla ya dawa, nani amempa, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kuanzia siku ya kwanza. Chaki inaning'inia na kamba. Ubao ukiwa umeshaandikwa jioni, saisi wa usiku hafungui kabati hata bosi akipiga simu, anasoma kwanza halafu anamwambia bosi kilichoandikwa.