Kabla ya kutafuta rekodi za babu aliyewekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya Kenya, Waingereza walipopambana na Mau Mau

Anza na wazee, tena haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wanajeshi wa Uingereza walipoizingira Nairobi Aprili 1954 katika Operesheni Anvil, leo amepita miaka 90 ikiwa bado yupo. Nyaraka zitakungoja, yeye hatakungoja.

Ukiketi naye, usimuulize Waingereza walimtenda nini. Muulize alilala wapi usiku wa kwanza, alihamishwa kwa lori au kwa treni, na kazi ilikuwa ipi. Aliyeshushwa kwenye treni katikati ya nyika, njia ya kwenda Mombasa, huenda alikuwa kambi ya Manyani au Mackinnon Road. Aliyechimba mifereji ya mashamba ya mpunga, bila shaka anazungumzia Mwea. Aliyevushwa ziwa, mtajie kisiwa cha Mageta. Aliyevushwa bahari, mtajie kisiwa cha Manda. Watu wengi walipitishwa kambi baada ya kambi kadiri walivyokubali au kukataa kukiri kwamba walikula kiapo cha Mau Mau, kwa hiyo andika mfuatano wote, hata kama tarehe hazikumbukwi. Na bibi naye aulizwe! Wanawake kwa maelfu walifungwa katika gereza la Kamiti, na familia nyingi hazijawahi kuwauliza chochote.

Halafu tengeneza karatasi moja ya utambulisho: jina alilokuwa akiitwa wakati ule, jina la baba yake, rika lake la tohara, lokesheni na chifu wa miaka hiyo, na namba ya kipande (kitambulisho cha kikoloni) kama kilihifadhiwa. Jina la ubatizo alilolipata baadaye halitakufikisha popote. Makarani waliandika majina kama walivyoyasikia, basi orodhesha kila namna linavyoweza kuandikwa. Tumia pia majina ya zamani ya mahali: Murang'a iko chini ya Fort Hall, Nyahururu chini ya Thomson's Falls.

Kisha ujue alishikiliwa kwa njia gani, kwani hapa ndipo watu hupoteza muda. Aliyehukumiwa na mahakama alikuwa na kesi, na kesi huacha mashtaka, ushahidi na hukumu. Mafaili ya kesi za kunyongwa yamo kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Aliyezuiliwa kwa amri tu hakupelekwa mahakamani, hivyo usitafute kesi yake. Wapo waliomaliza kifungo wakapewa amri ya kuzuiliwa hapo hapo. Hao watafute pande zote mbili.

Jiandae pia kukuta pengo. Kabla ya uhuru, wakoloni walichoma karatasi nyingi, na takriban mafaili 1,500 yakasafirishwa Uingereza. Yalifichwa hadi 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza huko London. Sasa yanasomwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu la FCO 141. Ya jeshi lenyewe yako humo humo, fungu la WO 276. Orodha zake ziko kwenye mtandao, kwa hiyo andika namba za mafaili unayoyataka kabla hujalipa nauli. Mengi yanahusu uendeshaji wa kambi, si mtu mmoja mmoja. Kwangu mimi hayo yana thamani kubwa: ukijua babu alikuwa kambi ya Hola Machi 1959, ripoti za watu 11 waliopigwa hadi kufa zinakueleza alichokiona hata kama jina lake halimo.

Mwisho, familia ikutane kabla hujaondoka. Faili linaweza kumwita babu muuaji kwa maneno ya aliyemhoji, au kusema aliungama, bila kutaja kipigo kilichotangulia. Linaweza kumtaja jirani aliyemchongea, au kuonyesha kwamba ndugu yake alikuwa ngati, yaani mlinzi wa kijiji aliyekuwa upande wa serikali ya kikoloni. Watoto wa watu hao bado mnazika na kuoana nao. Kubalianeni nani atasoma kwanza, nini mzee aliye hai atasomewa, na kama jina la jirani litatoka nje ya nyumba yenu.