Kupima lipidi kwa karatasi, spiriti na kiini cha yai

Novemba ikifika, msogelee mama anayekaanga senene hapa Masaka, Uganda, uchungulie kikaango chake. Hajamimina mafuta. Senene hukaangika kwa mafuta yao wenyewe, na hapo ndipo ninapoanzia somo la lipidi, yaani mafuta na jamii yake, na wanafunzi wangu. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, ya wanga 4 tu. Kwa mdudu anayeruka mbali, akiba hiyo ni nyepesi kubeba.

Tafuta karanga, simsim, unga wa muhogo, karatasi nyeupe, spiriti, glasi safi na yai.

Hatua ya 1. Ponda karanga, zikandamize kwenye karatasi, na pembeni tia tone la maji. Anika, kisha inua karatasi dirishani. Doa la maji limetoweka. La karanga bado linapitisha mwanga. Unga wa muhogo hauachi doa.

Hatua ya 2. Ijaribu spiriti yenyewe kwanza. Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hii, na kila kitu kikaonekana kina mafuta, hata sukari! Spiriti ya kusafishia vidonda wakati mwingine hutiwa mafuta ya nyonyo, basi ukiimimina majini hugeuka nyeupe bila kuongezwa chochote. Maji yakibaki maangavu, endelea. Yakichafuka, tafuta spiriti nyingine. Na msiniletee waragi: yenye alkoholi 40% ina maji mengi mno, mafuta hayayeyuki humo. Sigiri iwe mbali, spiriti hudaka moto upesi.

Hatua ya 3. Tikisa simsim iliyopondwa ndani ya spiriti kwa dakika mbili. Ikitulia, mimina umajimaji wa juu kwenye glasi ya maji. Weupe kama wa maziwa ndiyo lipidi.

Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, yaani mikia mitatu mirefu ya kaboni na haidrojeni. Spiriti huipokea mikia hiyo, maji huikataa. Spiriti inapozama katika maji mengi, mafuta hukosa pa kukaa, yakajikusanya kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga.

Hatua ya 4. Ukipata moo yao, mafuta ya shea kutoka Acholi au Lango, yaweke kando ya mafuta ya simsim. Yale yameganda kidogo, haya yanatiririka. Mikia ya asidi ya steariki, iliyo nyingi katika shea, imenyooka, hupangika kama kuni, na huyeyuka kwenye nyuzi 69. Ya oleiki ina bondi maradufu, yaani kaboni mbili zilizoungana mara mbili, inayoipinda, haipangiki vizuri, hivyo nyuzi 13 tu zatosha. Shea yetu ina oleiki nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, ndiyo sababu ni laini zaidi.

Hatua ya 5. Tikisa maji na mafuta ya kupikia, yatatengana. Tia kijiko cha kiini cha yai, tikisa tena: safari hii yanashikana. Kiini kina fosfolipidi, ambazo mahali pa mkia mmoja zina kichwa cha fosfeti kinachopenda maji. Katika utando wa seli zako hujipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ndani.

Glasi hiyo haitakati kwa maji matupu. Chukua sabuni: nayo ni mkia uleule wa asidi ya mafuta, uliopewa kichwa cha kushika maji.